Nilichokihesabu Tumboni mwa Mpika Chumvi

Wiki tatu zilizopita, nikiwa Ikola nangoja lori la kunirudisha Mpanda, utingo mmoja aliyekuwa akipakia magunia ya dagaa aliniuliza kama mimi ndiye yule niliyewahi kufanya kazi na mzungu wa kutafuta mawe. Nilipokubali, akaniambia kwamba mpika chumvi wa Mwese amefariki, homa ya siku nne tu, na wameshamzika. Alilisema hilo huku akikaza kamba, kama mtu anayefikisha salamu alizotumwa, kisha akaendelea na kazi yake. Mimi nilikaa juu ya gunia na sikuweza hata kumuuliza ilikuwa siku gani. Wasomaji wa safu hii mmezoea kunisikia nikiwaeleza watu ninaokutana nao njiani, na mara nyingi tunacheka pamoja. Huyu sikuwahi kumwandika. Kila nilipomkumbuka niliona itanibidi nijiandike mimi kwanza, nikaahirisha, nikawaletea habari za boti za ziwani na za warina asali wa porini. Sasa amekufa na sina tena pa kuahirishia.

Hakuwa ndugu yangu, wala hatukukaa pamoja muda mrefu. Tulifahamiana miezi minne, miaka mitano iliyopita, katika kambi ya watu waliokuwa wakitafuta urani kwenye vilima vya magharibi ya Mpanda. Mimi nilikuwa nimeacha kazi mgodini kwa sababu ile ile inayonifanya niache kila kazi, yaani nilikwisha kuiona. Yeye alikuwa Mbende wa vijiji vya huko huko, amepita miaka hamsini, na alikuja kubeba mizigo kwa sababu mvua za kwanza zilikuwa zimeanza na kazi yake mwenyewe haifanyiki mvuani. Kazi yake ilikuwa kupika chumvi. Wakati wa kiangazi alishuka mabondeni, akakata matete na majani ya kinamasi, akayakausha, akayachoma, akaweka majivu ndani ya chungu chenye matundu, akamimina maji juu yake na kukinga matone chini. Maji yale aliyachemsha mpaka yakakauka na kubaki chumvi ya rangi ya kijivu, yenye ukali wake wa pekee. Kule Mwese mlenda ukitiwa chumvi ya dukani, watu husema umepikwa na mgeni.

Ubaya wa chumvi hiyo ni kwamba inakunywa unyevu wa hewa. Ukiiacha wazi siku ya mawingu, kesho unakuta uji. Kwa hiyo nyumbani hukaa juu ya moto, darini, na safarini wapika chumvi huitia katika mfuko wa ngozi wakaufunga tumboni, chini ya shati, ili joto la mwili liikaushe. Wote hutembea hivyo, na asiyewajua hudhani wana vitambi. Yule mzee hakuuvua mfuko wake mchana wala usiku. Tulipokaa kula, watu sita au saba kuzunguka sinia moja, aliingiza vidole chini ya shati akatoa chembe chache na kuwanyunyizia wote mboga. Watu waligombea kukaa sinia lake. Alikuwa mcheshi wa taratibu, mtu anayesema neno moja kisha anaendelea kutafuna, na nyie mnabaki mnacheka chakula kinapoa.

Kazi yangu mimi ilikuwa sanduku. Wengi wenu leo mmekwisha kusikia habari za mionzi, lakini kambini tuliliita sanduku linalolia tu. Lilikuwa na bomba la chuma lililounganishwa kwa waya, na vidude viwili vya kuvaa masikioni. Ukiliweka bomba karibu na jiwe lenye urani, masikioni unasikia ta, ta, ta, kama mahindi yanayoanza kupasuka kwenye kikaango. Mahali pasipo na kitu pia hulia, lakini kwa uvivu. Yule mzungu, bwana mwenye kambi, alinifundisha kuhesabu milio kwa dakika moja na kuiandika katika daftari. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na sijui kama mnaweza kufahamu ilikuwa furaha gani kwangu kusikiliza kitu ambacho wengine hawakisikii na kukigeuza kuwa namba. Bwana alikuwa ameniambia neno moja zito, kwamba asipokuwepo nisiliguse sanduku.

Jumapili moja alikwenda Mpanda kuchukua barua na petroli. Watu walikuwa wametoka kuoga mtoni, vifua wazi, wamekaa tu. Kwa siku kadhaa palikuwa na maneno ya chini chini kwamba mawe haya yanamwingia mtu anayeyachimba. Mpishi wetu, Mnyamwezi mpenda utani, akaniuliza kama sanduku lile linaweza kumpima mtu.

"Au linajua mawe peke yake?" akasema. "Maana humu kuna watu vichwa vyao ni mawe matupu."

Nilipaswa kusema sijui. Sikujua kweli. Lakini swali lilikwisha kuniingia, na mimi swali likiniingia silali. Nikalitoa sanduku. Nikawapanga mstari, nikaweka bomba juu ya tumbo la kila mmoja, nikatazama saa, nikahesabu dakika moja moja. Huyu kumi na nane, yule ishirini na mbili, mwingine kumi na tisa. Kila niliyempima alipigiwa makofi kana kwamba amefaulu mtihani. Mvua ikaanza kunyesha tukakimbilia hemani, hema lile lile tulilokuwa tunawekea mifuko ya mawe yaliyochimbwa. Akabaki mzee wa chumvi. Hakutaka. Alisema tumbo lake analijua, lina njaa. Watu wakamtania kwamba anaficha mimba, naye ili asionekane mwoga akasimama mbele yangu, shati lake likiwa limefungwa vifungo vyote kwa heshima ya umri wake. Nikaweka bomba juu ya shati. Nikahesabu. Thelathini na moja.

Nilirudia hesabu kichwani, sikurudia kwa sanduku. Nilinyanyua uso nikamwambia, "Mzee, wewe kitu kimo ndani."

Yeye alicheka peke yake. Alisema basi kumbe ana nguvu kutuzidi. Nakumbuka jinsi aliyekuwa amesimama begani kwake alivyosogea nyuma, nusu hatua tu, kama mtu anayepisha ndoo. Na nakumbuka zaidi kwamba mimi nilijisikia vizuri. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua jambo, na watu wote walinitazama mimi waone nitasema nini tena. Jioni ile mpishi alimpakulia chakula chake kwenye kibakuli cha peke yake na kukiweka kando. Hapakuwa na ukali. Aliwekewa hata nyama nyingi kidogo kuliko sisi. Lakini alipoingiza vidole chini ya shati akatoa chumvi na kuwanyooshea wenzake, kila mmoja alisema leo imetosha.

Bwana aliporudi siku ya pili, ningeweza kumaliza jambo lile kwa maneno matatu. Angenigombeza, labda angenifukuza, kisha angempima mzee yule inavyotakiwa. Sikusema. Siku tatu baadaye mzee alinifuata nikiwa nafuta matope kwenye bomba. Alitazama kando na kando kwanza, halafu akanena kwa sauti ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu.

"Mwanangu, muulize bwana dawa yake ni nini. Kama ni ya kununua, nitauza mbuzi."

Nikamwambia nitamuuliza. Kesho yake akarudi. Nikamwambia nimekwisha kuuliza, na bwana amesema hakuna dawa, kitaisha chenyewe polepole. Wasomaji wangu, sikumuuliza bwana kitu. Nimewahi kusema uongo mwingi katika maisha ya kuhama hama, kwa wenye nyumba, kwa makarani, kwa akina mama waliotaka kujua nitarudi lini. Huo mmoja ndio unaoniamsha. Aliupokea kwa shukrani. Mwisho wa mwezi alifunga mzigo wake akaniaga vizuri, akanipa kifurushi cha chumvi kilichofungwa kwa jani kavu na kitambaa, akasema, "Wewe huniogopi." Habari zake zilikwisha kumtangulia Mwese. Wapagazi wawili wa kambini walikuwa wamerudi kabla yake.

Mimi nikaendelea na njia zangu. Nilishuka Ikola nikafanya kazi katika boti, nikachoka na boti, nikapanda treni. Miaka miwili iliyopita nilijikuta mji mmoja wa reli ya kati, naosha chupa katika chumba cha kupimia mawe na udongo. Fundi wa hapo alikuwa kijana wa Kichaga, mwenye subira na maswali yangu. Siku moja zililetwa chupa za mikojo ya wachimbaji wa mahali fulani, wapimwe kama vumbi la mawe yenye mionzi limewaingia mwilini. Fundi alikuwa amekunja uso. Nikamwuliza shida ni nini, maana chupa zipo na mashine ipo.

Akanieleza, na maelezo yake nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa. Kilichomo ndani ya mtu hakionekani. Unapima kile kinachotoka nje, halafu unakisia kilichobaki. Mmoja ameambiwa akusanye mkojo wa siku nzima, ameleta wa asubuhi tu. Mwingine ameshika mdomo wa chupa kwa mikono yenye vumbi la kazini, basi unapima vidole vyake na kuandika kwamba ni mwili wake. Na ukitaka kumpima mtu mwenyewe kwa sanduku, kwanza aoge na kubadili nguo. Upime mahali pale pale pasipo mtu, ujue pana mlio kiasi gani. Usihesabu dakika moja, kwa sababu milio haiji kwa mpango, dakika hii ni mingi, inayofuata ni michache, bila kitu chochote kubadilika. Uhesabu muda mrefu, urudie, upate namba kadhaa, na hata hapo uandike kwamba huenda umekosea kiasi hiki au kile. Nyama ya mwili nayo inazuia sehemu ya milio, kwa hiyo hata ukisikia kidogo hujui kama ndani ni kidogo.

Kila alipotaja sharti moja nilikuwa namwona yule mzee amesimama hemani, shati limefungwa, mifuko ya mawe iko nyuma yake. Nikamsimulia fundi, lakini nilisema ni jambo alilolifanya rafiki yangu. Akaniuliza huyo mtu alikuwa amevaa nini. Hapo ndipo nilipokumbuka mfuko. Nilikwenda nikafungua sanduku langu la nguo, nikatoa kile kifurushi ambacho nilikuwa nakionea huruma kukitumia. Kilikwisha kuwa kigumu kama jiwe. Tulikiweka chini ya bomba tukahesabu nusu saa nzima, kisha tukakiondoa tukahesabu nusu saa nyingine. Palikuwa na tofauti ya wazi. Fundi akafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alisema chumvi ya majivu ya majani ina potasi nyingi, na ndani ya potasi kuna sehemu ndogo sana inayotoa mionzi tangu dunia iumbwe, isiyomdhuru anayeila.

"Hata wewe unayo," akaniambia. "Imo katika nyama yako, imetoka kwenye maharage na ndizi. Mtu asiyekuwa nayo kabisa ni maiti, na maiti nayo inayo."

Basi yule mzee hakuwa na kitu tumboni ambacho sisi wengine hatukuwa nacho. Nilikuwa nimepima mfuko wake wa chumvi, na pengine mawe yaliyokuwa nyuma yake, na pengine bahati mbaya ya dakika moja tu. Kiasi gani kilitoka wapi sitajua kamwe. Ninachokijua ni kwamba siku ile nilikuwa na jibu mkononi na nauli mfukoni, na sikwenda. Nilijiambia nitakwenda baada ya mvua. Baada ya mvua nikajiambia habari kama ile mtu huifikisha akiwa anapita, si safari ya makusudi.

Mwaka jana nikapita. Nilimkuta Mpanda, karibu na stesheni, ameweka vifungu vya chumvi juu ya gunia. Alikuwa amekonda. Aliniambia kwamba siku hizi anatembea mpaka mjini kuuza, kwa sababu mjini hawamjui. Hakulalamika, alilieleza kama mtu anayesema bei ya nguo. Alifurahi kuniona mpaka nikaona haya. Akanipeleka kwa mama mmoja anayeuza ugali na samaki, akaagiza, na mama yule akaleta sinia moja kwa watu wawili kama ilivyo kawaida. Mzee akamwomba sahani ya pili. Akanigawia sehemu iliyo kubwa, akasogeza yake pembeni, akageuza bega lake kidogo ili hata pumzi yake isinifikie.

"Kula bila wasiwasi," akasema. "Nimeshazoea."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini ili kumwambia kwamba hana kitu, ilibidi nimwambie pia kwamba sikumuuliza bwana, na kwamba nilikwisha kujua mwaka mzima. Nikakata tonge. Nikamuuliza habari za wajukuu. Akasema anao wawili, wazuri sana, anawaona wanapocheza uwanjani. Sikuelewa wakati ule kwa nini alisema uwanjani. Nilikula sehemu yangu yote nikamshukuru, na treni ilipopiga honi niliinuka haraka kuliko ilivyohitajika.

Safari hii, baada ya maneno ya yule utingo, lori liliponishusha Mpanda sikwenda stesheni. Niligeuza nikaenda Mwese, siku mbili, nusu yake kwa miguu kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Mjane wake alinipokea vizuri asinijue. Nilipojitaja, aliacha kupepeta akaweka ungo chini. Nikamweleza yote mbele ya shemeji yake, mdogo wa marehemu, tangu ile Jumapili mpaka ile sahani ya pili. Sikumtaja rafiki yeyote safari hii. Shemeji mtu alitaka kuelewa habari ya chumvi, akaniuliza mara mbili kama ina maana hata wao wanayo tumboni. Nikasema ndiyo, kila mtu, hata mimi. Akatazama mikono yake.

Mjane akasema, "Mimi sikuacha kula naye. Wanangu ndio niliowakataza. Na wajukuu. Niliwakataza mimi mwenyewe wasikae mapajani mwake, kwa ajili ya neno lako."

Nikasema samahani, mama. Alingoja nimalize.

"Ulipojua kwamba umekosea, ulikuwa wapi?"

Nikamtajia mji.

"Kutoka huko mpaka hapa ni siku ngapi?"

Nikamwambia, pamoja na treni na miguu, siku nne.

Aliita binti yake kutoka nyuma ya nyumba, pamoja na watoto wawili, akaniambia niyarudie yale maneno, wao pia wayasikie. Nikayarudia. Mtoto mkubwa aliuliza kama basi babu alikuwa mzima. Mama yake alimwambia ndiyo, alikuwa mzima, kisha akaingia ndani.

Nimekaa na jambo hili kabla ya kuliandika, nikitafuta la kuwaambia nyie mnaonisoma. Nchi yetu inaanza kujaa vipimo. Wanakuja watu na mizani, na sindano, na masanduku, na wengi wanakuja kwa wema, na vijana wetu watajifunza kuvishika. Siwaambii muviogope. Kosa la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua, na mtu asiyejua anaweza kusamehewa, maana hata fundi mwenyewe huandika namba yake pamoja na shaka yake. Anayempima mwenzake anampa neno ambalo atalala nalo, basi amwambie na shaka iliyomo. Lakini kosa langu kubwa halikuwa la hesabu. Neno la uongo lilifika Mwese kabla ya mzee mwenyewe, likibebwa na wapagazi wawili waliokuwa na mizigo kichwani. Neno la kweli nililikalia miaka miwili, mikono mitupu, nikingoja siku ambayo halitaniaibisha. Ukishajua kwamba umekosea juu ya mtu, amka uende siku hiyo hiyo. Atakusikiliza akiwa hai, na labda atakutukana, na hayo matusi ni haki yake ambayo mimi nilimnyima.

Wale wa Mpanda, wa Kakese na wa Mwese mnaoletewa gazeti hili, na nyie mnaosomewa na wengine, pokeeni neno hili nililochelewa kulileta. Mpika chumvi hakuwa na kitu. Aliyempima vibaya ni mimi.